Namna ya Kuchunguza Historia ya Bohari ya Jeshi la Uingereza, Mackinnon Road

Anza kwa kuuliza ni kwa nini bohari ilijengwa katika nyika kame ya Kwale, kando ya reli ya Mombasa na Nairobi. Mwaka 1947 Uingereza ilikuwa ikitafuta pa kuhamishia vifaa vya kijeshi vilivyokuwa Misri, ikaichagua Kenya. Hata hivyo, mradi huo uliomeza fedha nyingi uliachwa baada ya miaka michache.

Usiishie hapo, kwa maana yaliyofuata ni mazito zaidi. Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, msako wa Waingereza dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau, maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa Nairobi, na wengi wao wakazuiliwa katika kambi za Manyani na hapo Mackinnon Road bila kufikishwa mahakamani. Anayesimulia habari za bohari bila kuitaja kambi hiyo huwa amewadhulumu waliofungwa humo.

Katika nyaraka, tenganisha kwanza za 1947 hadi 1950, ukitafuta habari za vibarua na ujira wao, na za 1954 kuendelea, ukitafuta habari za mahabusu. Mbali na Nyaraka za Taifa jijini Nairobi, yapo majalada ya kikoloni ya kundi FCO 141 katika Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew, London, ambayo Uingereza ilikiri kuwa nayo mwaka 2011 tu, baada ya wazee waliowahi kuzuiliwa kuishtaki.

Ukifika mahali penyewe, piga hodi kwa chifu, uwasikilize wazee kwa subira, na usiguse chuma chochote usichokijua, kwani huenda ni kilipuzi; waarifu polisi.