Kusoma ini la kondoo kama kuhani wa Babeli

Mimi ni mkaguzi wa nyama hapa Mbeya, maini ndiyo kazi yangu ya alfajiri. Binti yangu anayesoma historia aliniuliza Wababeli wa kale walikuwa wakitazama nini hasa kwenye ini walipobashiri, nikamwonyesha mezani. Hata wewe utaweza, mradi usimtoze mtu hela.

Nenda soko la Mwanjelwa mapema, umwambie wa bucha unataka ini zima la kondoo na asitoe nyongo. Usiposisitiza ataitoa, maana ikipasuka nyama inakuwa chungu. Ini la ng'ombe liache. Mfano wao wa udongo ulioko London, wa kati ya miaka 1900 na 1600 K.K., ni ini la kondoo lililogawanywa visanduku.

Swali hutangulia. Kuhani, waliyemwita baru, alimnong'oneza kondoo sikioni kabla hajachinjwa, na miungu Shamash na Adad ndio waliotarajiwa kuandika jibu humo ndani. Liwe swali la ndiyo au hapana: jeshi liondoke? Mgonjwa atapona? Wewe kondoo wako keshakufa, andika kwenye karatasi.

Sasa laza ini kwenye sinia, upande wa nyongo juu, ncha ya nyongo ikuelekee. Juu kulia kuna kinyama kilichochongoka, walikiita kidole. Kushoto tafuta kifereji chembamba. Hapo ndipo mungu alipojionyesha, na kisipokuwepo, habari ni mbaya tangu mwanzo. Ule mpasuko wa ukingoni waliuita lango la ikulu.

Kanuni kubwa ni hii: kulia ni kwako, kushoto ni kwa adui. Tundu upande wa kulia ni balaa lako. Tundu lilelile likiwa kushoto, shangilia, limempata yeye. Mimi nikiona matundu na mirija iliyokakamaa nafikiria minyoo ya ini, hasa kwa kondoo waliolishwa kwenye majimaji, na ini hilo nalitupa. Inawezekana kuna jenerali aliyebaki nyumbani kwa sababu ya minyoo.

Usikimbilie jibu kwa alama moja. Baru hakuotea: alikuwa na maandiko ya mabamba ya udongo kama 100, ambayo nakala zake zilikutwa Ninawi kwenye maktaba ya Ashurbanipal, mfalme wa Ashuru. Orodhesha alama njema na mbaya, kisha linganisha. Matokeo yakivurugika, wao walichinja kondoo wa pili. Kwa bei za sasa, heri uombe utumbo wa huyohuyo uhesabu mizunguko yake: shufwa ni heri, witiri ni shari.

Ini la shaba lililopatikana karibu na Piacenza, Italia, mwaka 1877 lina ukingo wa sehemu 16 zenye majina ya miungu. Hilo ni la Waetruski, watu wa kale wa Italia, usilichanganye na haya.

Ukimaliza, toa nyongo bila kuitoboa, pasua mirija mikubwa uikague. Ikiwa safi, weka kitunguu kikaangoni.