Kutoka uandishi kwenda uhariri: kwanza weka kalamu chini

Nimeandika makala kwa miaka tisa nikiwa hapa Mwanga, Kigoma, kabla sijapewa kazi ya mtu mwingine niihariri. Nilidhani ni kazi ileile. Wapi!

Mswada wangu wa kwanza ulikuwa wa mzee wa Kibirizi, mvuvi wa dagaa kwa karabai, ile taa ya kuwavutia usiku, tangu ujana. Aliandika: "Mbalamwezi ikishatanda, sisi tunalala. Karabai itamdanganya nani?" Mimi na ufundi wangu nikaweka: "Shughuli za uvuvi wa dagaa husitishwa kipindi cha mwanga wa mwezi." Akasoma kurasa mbili, akavua miwani. "Binti yangu, huyu nani anaongea humu?" Kurasa arobaini nikazirudia bure.

Kwa hiyo mara ya kwanza soma mswada wote mikono mfukoni. Itakuwasha, vumilia. Mara ya pili tazama mpangilio: sura gani imekaa pasipo pake, wapi msomaji atapotea. Sentensi ni mara ya tatu, herufi mwisho kabisa. Ya nini kusahihisha "tafadhari" kwenye aya utakayoikata kesho?

Ukifika kwenye sentensi, jiulize: ina kosa, au ni mimi tu ningeiandika vingine? Kama ni hilo la pili, iache. Hapa ndipo sisi waandishi tunapofeli, tumezoea kusifiwa kwa sentensi zetu.

Kosa la ukweli lisipite, lakini nalo usilifute kimyakimya. Mzee aliandika kuwa meli ya Liemba, ya Ziwa Tanganyika, ilijengwa na Waingereza. Nikamwandikia pembeni: "Shikamoo mzee. Meli ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapa Kigoma. Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916. Waingereza wakaiopoa 1924. Tuseme 'waliiopoa'?" Akakubali, akaongeza na aya nzima.

Uwe na daftari la maamuzi. Langu linasema: saa mbili, si masaa mawili, dawa, si madawa, "kwa hiyo" ni maneno mawili. Ulichoamua ukurasa wa 5 usikigeuke ukurasa wa 90. Na kamusi ya BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) ikae mezani, si kabatini.

Bei usitaje kabla ya kuhariri kurasa tatu za majaribio. Kisha andikianeni na mteja idadi ya mizunguko ya masahihisho. Mimi yangu ni miwili, wa tatu unalipiwa. Taasisi moja ilinirudishia ripoti mara sita kwa bei ileile, kwa kuwa sikuandika popote.

Wateja wa mwanzo ni historia za parokia na misikiti, ripoti za miradi, na tasnifu, ila muulize mwanafunzi kama msimamizi wake anajua.

Prufu, yaani kurasa za mwisho kabla ya kuchapwa, zisomwe kwa sauti. Za mzee nilimsomea kibarazani kwake, naye alinisimamisha mara moja tu: kompyuta ilikuwa imegeuza "karabai" kuwa "karibu".