Kuchambua mechi ya mtoano ya mpira wa kikapu ya vyuo Marekani na kumpima senta anayesubiri drafti: ninavyofanya mimi

Siku tatu kabla ya nusu fainali ya vyuo vya Duke na Houston, Aprili 2025, mpwa wangu alinitumia ukurasa mzima aliokuwa ameandika. "Anko, hebu pitia." Nikapitia. Duke wana kikosi kipana, Houston wana ulinzi imara, Khaman Maluach, senta wa Duke, ni mrefu na ana mustakabali mzuri. Hakuna uongo hata mmoja, na hakuna neno moja ambalo mtu asiyeangalia mechi asingeweza kuliandika. Nikamwambia afute yote, aje na daftari. Haya ndiyo tuliyofanya kwa siku mbili, na ndiyo ninayofanya kila Machi, mtoano unapoanza. (Senta ni yule mrefu anayecheza karibu na kikapu; drafti ni zoezi la kila mwaka ambapo timu za NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, huchagua wachezaji wapya kwa zamu.)

Hatua ya 1: Jua mechi inaanza saa ngapi kwako

Inaonekana ya kitoto, ila watu huikosa kila mwaka. Ratiba za Marekani huandikwa kwa saa za pwani ya mashariki hata mechi ikichezwa Texas. Mchezo wetu ulikuwa San Antonio, umeandikwa 2:49 usiku wa Jumamosi tarehe 5 Aprili. Ukiongeza saa 7 unapata 9:49 usiku wa kuamkia Jumapili kwa saa za Dar, Nairobi na Kampala. Tofauti hiyo ni 7 kuanzia Jumapili ya pili ya Machi, wenzetu wanaposogeza saa mbele. Kabla ya hapo ni 8. Nunua umeme na bando mapema.

Hatua ya 2: Acha pointi kwa mechi, hesabu umiliki

Timu inayofunga 75 si lazima iwe bora kuliko inayofunga 68. Huenda inakimbia tu. Unachotaka kujua ni imepata mpira mara ngapi na imefanya nini kila ilipoupata. Kanuni ni hii: mitupo yote ya uwanjani, toa ribaundi za ushambuliaji (mitupo iliyokosa ambayo timu yenyewe imeiokota), jumlisha mipira iliyopotezwa, jumlisha mitupo huru mara 0.475.

Tuseme timu imetupa mara 60, imeokota ribaundi 10 za ushambuliaji, imepoteza mipira 12, imepiga mitupo huru 20. 60 toa 10 ni 50, na 12 ni 62, na 9.5 ni 71.5. Ikiwa ilifunga 75, hiyo ni kama pointi 105 kwa kila umiliki 100. Timu nyingine imefunga 68 kwa umiliki 62: karibu 110. Ya pili ndiyo kali, japo gazeti litasifia ya kwanza.

Kwa Duke na Houston hesabu hii ilikuwa nusu ya habari yenyewe. Kwenye mtoano ule Duke walikuwa wamemtoa Arizona 100 kwa 93, kisha Alabama 85 kwa 65. Houston walimtoa Purdue 62 kwa 60, wakamfunga Tennessee 69 kwa 50. Houston wa kocha Kelvin Sampson hutaka mchezo uende polepole na uumize. Kwa hiyo swali la kwanza la uchambuzi lilikuwa: mechi itachezwa kwa mwendo wa nani?

Mimi hufanya hesabu hizi kwa kalamu kwenye kaunta buku. Mpwa wangu anataka programu ya kompyuta yenye rangi. Sawa, lakini ukiandika namba kwa mkono unaona ile iliyokaa vibaya kabla hujaijumlisha.

Hatua ya 3: Chagua mechi tatu nzima za senta unayempima

Usichague vipande vya dakika mbili vya madanki, yaani kuusukumiza mpira kikapuni kwa mkono. Chukua moja aliyong'ara, moja aliyopotea, na moja dhidi ya wapinzani wenye miili mizito. Basi.

Hatua ya 4: Muangalie yeye, usiangalie mpira

Hapa ndipo nilipopoteza usiku mwingi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwaka 2009 sote hapa Dar tulikuwa na mtu wetu. Hasheem Thabeet, mita 2.21, Chuo Kikuu cha Connecticut, akiwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloko (mitupo ya wapinzani aliyoizuia) 4.2. Nilikuwa naangalia kila mechi niliyoweza kuipata kwenye kompyuta ya kukodi, nahesabu bloko. Bloko moja, alama moja daftarini. Nikawatangazia wenzangu kijiweni kwamba huyu atatawala NBA miaka kumi. Memphis Grizzlies walimchukua wa pili, mbele ya James Harden aliyekuwa wa 3 na Stephen Curry wa 7. Alicheza NBA misimu mitano, wastani wake ukaishia pointi 2.2 na ribaundi 2.7. Kufika kule tu ni jambo ambalo Mtanzania mwingine hakuwa amelifanya, na heshima yake ipo palepale. Aliyekosea ni mimi.

Na jibu lilikuwapo tangu tarehe 16 Februari mwaka ule. Connecticut, wakiwa namba moja nchini, walicheza na Pittsburgh ya DeJuan Blair, mtu mfupi kwa Hasheem kwa sentimita 20. Blair akaondoka na pointi 22 na ribaundi 23. Hasheem, pointi 5 na ribaundi 4. Kuna mahali mikono yao ilinasana wakigombea mpira, Blair akambeba begani akamrusha chini mzimamzima. Kila mtu anakumbuka lile tukio. Mimi nililiona nikacheka. Sikurudi nyuma kuangalia kilichokuwa kinatokea chini ya kiuno: Blair alikuwa anawahi kuweka makalio kwenye mapaja ya Hasheem kabla mpira haujatoka mkononi mwa mtupaji. Mpira ulipogonga chuma, ugomvi ulikuwa umeshakwisha.

Tangu hapo nafanya hivi. Nafunika theluthi ya juu ya skrini ya kompyuta kwa kipande cha boksi, nabaki naona miguu. Nachora safu tatu.

Safu ya kwanza: miguu yake iko wapi mpinzani anapoweka kizuizi kumsaidia mwenye mpira. Anashuka kulinda kikapu, anapanda kumzuia mwenye mpira, au anabaki katikati hajui la kufanya? Hiyo ya tatu ndiyo inayomfukuza mtu kazini kule juu.

Safu ya pili: mpira unapotupwa, amemgusa nani? Anageuka kumtafuta mtu amweke mgongoni, au anatazama juu akingoja mpira udondoke? Warefu wengi wamezoea kungoja kwa sababu tangu wakiwa watoto mpira uliwadondokea wao.

Safu ya tatu: baada ya kuruka mara moja, inamchukua muda gani kuruka tena? Hesabu kwa mdomo, "moja, mbili". Usitumie saa ya simu, utachelewa kubonyeza.

Tahadhari zenyewe ni nyingi. Kamera ya televisheni hufuata mpira, hivyo kuna umiliki ambao hutamwona kabisa. Andika mstari mtupu, usikisie. Dakika ambazo timu yake inaongoza kwa pointi 25 ziruke. Akiwa na faulo tatu atalinda kwa mikono nyuma, na hiyo si tabia yake, ni amri ya kocha; weka alama ya nyota. Angalia pia kama kocha ndiye aliyemwagiza ashuke nyuma kila mara. Kumlaumu kijana kwa mpango wa kocha ni kosa nililolifanya mara mbili. Na usifanye zaidi ya nusu moja ya mchezo kwa kikao. Ukichoka jicho linarudi kwenye mpira lenyewe, na hutagundua.

Mpwa wangu alifanya mechi mbili za Maluach akanipigia saa tano usiku. "Anko, sasa namuona mtu mwingine kabisa."

Hatua ya 5: Weka namba zake mahali pake

Maluach alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, mwaka 2006, akakulia Kawempe, Kampala, na akaanza kikapu 2019 hivi. Ukilinganisha na Mmarekani aliyeshika mpira akiwa na miaka mitano, huyu ana umri mdogo wa kikapu kuliko umri wa kuzaliwa. Lakini kabla ya Duke alishapita akademi ya NBA kule Saly, Senegal, alichezea City Oilers ya Kampala kwenye BAL, ligi ya klabu za Afrika, na Sudan Kusini kwenye Kombe la Dunia 2023 na Olimpiki ya Paris. Huyo si mgeni wa watu wazima.

Akiwa Duke alikuwa na wastani wa pointi 8.6 na ribaundi 6.6 kwa dakika 21.2. Kwa dakika 40 ni kama pointi 16 na ribaundi 12. Hesabu hiyo ina mtego: haikuambii kama mapafu na faulo zake zingemruhusu dakika 40. Alifunga asilimia 71.2 ya mitupo ya uwanjani, nyingi zikiwa madanki, kwa hiyo sikuipa uzito. Niliyoipa uzito ni mitupo huru, zaidi ya asilimia 76. Mtu wa mita 2.18 mwenye mkono huo anaweza kufundishwa kutupa kwa mbali.

Hatua ya 6: Badilisha sheria kichwani

Vyuoni senta anaweza kukaa chini ya kikapu chake akilinda hadi asubuhi. NBA akikaa zaidi ya sekunde 3 ndani ya eneo lililochorwa mbele ya kikapu bila kumlinda mtu kwa karibu, wapinzani wanapewa mtupo huru na mpira unabaki wao. Mstari wa pointi tatu unarudi kutoka mita 6.75 hadi 7.24, kwa hiyo kuna ardhi zaidi ya kukimbilia. Saa ya kutupa inashuka kutoka sekunde 30 hadi 24. Kwa kutazama safu yako ya kwanza, futa kila bloko aliyoipata baada ya kusimama ndani muda mrefu, kisha uhesabu upya. Kama bloko zimebaki nusu, andika hivyo.

Hatua ya 7: Andika

Aya nne. Mwendo, ribaundi, mchezaji, utabiri wenye namba. Utabiri usio na namba ni uoga.

Hatua ya 8: Rudi kwenye karatasi yako

Sisi tuliandika Duke kwa pointi 6. Duke waliongoza kwa 14 kipindi cha pili, na bado walikuwa mbele kwa 6 zikiwa zimebaki sekunde chini ya 40. Houston wakashinda 70 kwa 67. Mpwa wangu alikuwa amesimama juu ya kochi. Tyrese Proctor alipokosa mtupo huru akageuka kuniuliza wa pili uko wapi. Hakuna wa pili: vyuoni, kuanzia faulo ya saba hadi ya tisa ya timu katika kipindi, lazima ufunge wa kwanza ndipo upewe mwingine. Hilo halikuwamo kwenye karatasi yetu, na sasa lina mstari wake.

Maluach alicheza dakika 21, pointi 6, ribaundi sifuri. Kwenye safu ya pili ya daftari la mpwa wangu, katika mechi ya pili aliyoitazama, kulikuwa na maneno "anatazama juu" mara nane. Tulikuwa tumeyaona, tukayapa nusu sentensi katika aya ya tatu, kwa sababu tulitaka kijana wa Kawempe afanye vizuri. Mwezi Juni alichukuliwa wa 10, haki zake zikaenda Phoenix Suns katika biashara ileile iliyompeleka Kevin Durant Houston Rockets, timu ya NBA, si chuo kile. Mpwa wangu ameshaandika orodha ya mechi zake tatu za kwanza za kutazama. Boksi la kufunikia skrini amekata jipya, la zamani lililoana chai.