Kupanga Stoo ya Jikoni Kabla ya Mvua: Mtwara na Lindi

Mvua zikishaanza, Novemba au Desemba, kuanika ni bahati nasibu. Kwa hiyo Oktoba toa kila kitu stoo, fagia hadi kwenye kona, ziba nyufa. Unga uliosalia ufani ndio unaolea fukusi.

Mahindi usiyapime ukavu kwa jino tu. Kausha chumvi kwenye kikaango, maana hewa ya pwani huilowesha hata ikiwa sahanini. Tia mahindi kwenye chupa kavu ya kioo hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vya chumvi hiyo, funga, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikigandia kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15: yarudi juani, juu ya turubai. Yakifungwa hivyo huota ukungu, na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupikwa.

Yaliyokauka yaingie kwenye mifuko ya kinga njaa, ile yenye tabaka tatu: miwili ya plastiki ndani, mmoja nje. Jaza mfuko wa ndani kabisa, kandamiza hewa itoke, sokota mdomo, kunja, funga kwa kamba. Fanya vivyo hivyo wa pili, kisha wa nje. Wadudu hufa kwa kukosa hewa, dawa haihitajiki. Ukiufungua kila jioni kuchota kibaba, umewarudishia pumzi. Chota ya wiki mbili kwa mpigo, weka ndooni. Mifuko ikae juu ya kichanja, isiguse ukuta. Tundu moja la panya linatosha kuharibu kazi yote.

Makopa, yaani muhogo mkavu, yasilale karibu na mahindi. Dumuzi, mdudu yule wanayemwita Scania, hula vyote viwili, na makopa huyageuza vumbi. Yabakie makavu ya kuvunjika kwa mlio, yanayopinda bado hayajakauka.

Kunde na choroko hutoka shambani zikiwa tayari na mayai ya wadudu, basi jaza dumu hadi shingoni ili hewa ibaki kidogo. Dumu la mafuta ya kula linafaa likioshwa na kukauka. Lililobeba dawa ya mikorosho halifai, hata ulisugue kwa majivu mara kumi.

Ng'onda, samaki wa kukaushwa, ni kinyume: kapu, juu, penye upepo. Ukiifungia ndooni hutoa jasho. Korosho zenye maganda zikae chumba kingine, mafuta ya ganda huchubua ngozi.

Andika mwezi kwenye kila chombo. Cha zamani kikae mbele.