Córdoba: wahi Mezquita asubuhi, kiingilio bure

Ukiwa Córdoba, Uhispania, damka mapema. Mezquita, msikiti ulioanza kujengwa karibu mwaka 785 na leo ni kanisa kuu, huwa hautozi kiingilio saa 2:30 hadi 3:30 asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi, ila siku za ibada maalumu. Usiduwae mlangoni, nenda moja kwa moja kwenye mihrabu, uone nakshi za dhahabu kabla watu hawajajaa. Ukirudi, tazama vichwa vya nguzo: havifanani, maana vingi vilitolewa kwenye majengo ya Kirumi. Mnara una tiketi yake. Daraja la Kirumi liache hadi jioni, halina kivuli hata kidogo, na Julai jua la huko halina utani.