"Ikiwa… basi…": Msake Mvunja Kauli

Kadi nne ziko mezani: E, K, 4 na 7. Kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Kauli ni hii: kadi ikiwa na irabu upande mmoja, ina namba shufwa upande wa pili. Utafunua zipi ili ujue kama kauli ni kweli? Andika jibu kabla ya kusoma mbele.

Fumbo hili ni la mwanasaikolojia wa Uingereza, Peter Wason, wa mwaka 1966. Wengi huchagua E na 4. Wanafunzi wangu hawajawahi kuniangusha: kila mwaka, E na 4.

Hatua ya 1: Tenga sharti na tokeo. Kiswahili hulificha sharti ndani ya -ki-. "Namba ikigawanyika kwa 4, inagawanyika kwa 2." Sharti: inagawanyika kwa 4. Tokeo: inagawanyika kwa 2. Ila si kila -ki- ni sharti; "nilimwona akicheka" haimwekei mtu sharti lolote.

Hatua ya 2: Uliza kauli inavunjwaje. Njia ni moja tu: sharti limetimia, tokeo halipo. Namba 5 haigawanyiki kwa 4 wala kwa 2, haijavunja kitu. Namba 6 inagawanyika kwa 2 bila kugawanyika kwa 4. Nayo haijavunja kitu.

Hapa ndipo ninapobishiwa sana, kwa hiyo twende baa. Sheria: ukinywa bia, uwe umetimiza miaka 18. Askari anakuta watu wanne. Wa kwanza ana bia, wa pili ana soda. Wa tatu anajulikana ana miaka 16 na wa nne 30, ila glasi zao hazionekani. Akague nani? Mwenye bia na wa miaka 16, hata mtoto atakwambia. Wa miaka 30 anywe atakacho.

Sasa rudi mezani. E ndiye mwenye bia, 7 ndiye wa miaka 16. Ile 4 uliyoichagua ni mtu mzima wa miaka 30.

Hatua ya 3: Geuza na ukanushe. "Namba isipogawanyika kwa 2, haigawanyiki kwa 4." Hiyo ni kauli ileile kwa sura nyingine, kwa sababu mvunjaji wake ni yuleyule. Ukigeuza bila kukanusha, "ikigawanyika kwa 2, inagawanyika kwa 4", umetunga kauli mpya, na 6 inaiangusha.

Hatua ya 4: Itumie. Thibitisha, kwa namba nzima n: n² ikiwa shufwa, n ni shufwa. Geuza na ukanushe: n ikiwa witiri, n² ni witiri. Weka n = 2k + 1, k ikiwa namba nzima. Basi n² = 4k² + 4k + 1 = 2(2k² + 2k) + 1, ambayo ni witiri. Kwisha.

Ukitaka kuona faida yake, anza upande wa mbele, n² = 2k, uone utakavyokwama kwenye kipeuo.