Namna ya Kutunza Injini ya Gari la Zamani kwa Petroli Isiyo na Risasi

Katika gereji za Malindi bado zipo Land Rover za chesi fupi na Morris Minor moja moja ambazo wenyewe hawakubali kuziuza, na kila mwenye gari la namna hiyo huambiwa, leo au kesho, kwamba petroli ya siku hizi itamlia vali, yaani milango midogo ya injini inayoingiza hewa na petroli na kutoa moshi. Neno hilo lina ukweli, ila si kwa kila gari, wala si kwa kasi wanayoitaja wauzaji wa chupa za dawa ya kutia ndani ya petroli badala ya risasi. Kabla hujatoa pesa, pima.

Risasi (madini, si ile ya bunduki) ilianza kuuzwa ndani ya petroli huko Marekani mwaka 1923 ili injini isigonge, yaani mchanganyiko wa petroli na hewa usilipuke ovyo ndani ya silinda. Faida ya pili haikukusudiwa: iliacha utando mwembamba juu ya viti vya vali za ekzosi (za kutolea moshi), pale vali inapokaa ikifunga, na utando huo ukazuia chuma cha moto kugusana na chuma cha moto. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara, Kenya ikiwemo, ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006 kwa sababu risasi hudhuru ubongo wa watoto, na sioni wa kuililia. Lakini utando ukikosekana katika hedi (kichwa cha injini kinachobeba vali) ya chuma laini, vali na kiti chake hushikana kwa chembe ndogo ndogo kila vinapokutana, chembe hizo hung'oka, na kiti huliwa mpaka vali ikazama ndani ya hedi.

Kwa hiyo anza na sumaku. Iweke ubavuni mwa hedi; isiposhika, hedi ni ya alumini, na hedi ya alumini lazima iwe imepachikwa pete za chuma kigumu zaidi kuwa viti vya vali, kama ilivyo katika Peugeot 504 na Volkswagen ya kobe, kwa hiyo hofu yako ipungue. Sumaku ikishika, endelea kusoma, hasa kama gari lako ni Morris Minor, ambayo viti vyake vilichongwa katika chuma chenyewe cha hedi. (Ndugu zetu wa Lamu wenye mashine za boti za tu-stroki hawahusiki: mashine hizo hazina vali za namna hii kabisa.)

Kipimo ni nafasi ya tapeti, yaani mwanya kati ya vali na mkono unaoibonyeza. Asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha, toa plagi zote nne ili izunguke kwa wepesi, fungua kifuniko cha vali, kisha uizungushe kwa hendeli. Hesabu vali kutoka mbele, ya 1 hadi ya 8. Ya 8 ikiwa imebonyezwa hadi mwisho, pima ya 1. Ikibonyezwa ya 7, pima ya 2. Jumla ya namba hizo mbili huwa 9 kila mara, na kanuni hii hufaa kwa Morris Minor na kwa Land Rover ya silinda nne ya lita 2.25. Nafasi inayotakiwa ni inchi 0.012, karibu milimita 0.30, kwa Morris, na inchi 0.010, yaani milimita 0.25, kwa Land Rover hiyo. Ubapa wa fila geji (mabapa membamba ya chuma ya kupimia mwanya) upite kwa kukwaruza kidogo, kama karatasi unayoivuta chini ya kitabu.

Andika kila namba kabla ya kurekebisha, kwa kuwa ukisharekebisha ushahidi umepotea. Rekebisha, tembea kilomita 1,500 hivi, kisha upime tena. Vali za ekzosi za Morris ni ya 1, 4, 5 na 8. Hizo zikiwa zimebana kwa vipimo viwili au vitatu mfululizo huku za kuingizia zikibaki palepale, viti vinaliwa. Zisipobana, gari lako halihitaji dawa yoyote.

Jambo linalowahadaa wengi ni sauti. Gari langu lilikuwa likipiga tapeti, ta-ta-ta, hata majirani wanajua narudi. Kisha likanyamaza lenyewe, nami nikaisifu oili mpya, na fundi niliyemwendea akaisifu pamoja nami. Tulipofika Kilifi lilikataa kuvuta. Vali moja ilikuwa imezama hadi haina nafasi hata ya ubapa mwembamba kuliko wote, haifungi tena, na moto uliokuwa ukipenya ulikuwa umeula ukingo wake ukamegeka kama mdomo wa kikombe. Tapeti inayolia kidogo haina neno. Inayonyamaza bila kurekebishwa ndiyo ya kufunguliwa siku hiyohiyo.

Dawa ya kudumu ni kupeleka hedi kwa mkereza vyuma apachike pete ngumu kwenye viti vya ekzosi. Vya kuingizia viache, kwa sababu hupozwa na petroli baridi inayopita. Mtake apime kwanza gaidi za vali (mirija ambamo vali hupanda na kushuka), kwani gaidi iliyolegea huiharibu pete mpya, na asichimbe kupita kiasi akatoboa njia ya maji. Si lazima uharakishe: viti huliwa zaidi injini inapozungushwa kwa kasi muda mrefu, kama katika safari ya Mombasa isiyo na kituo, kuliko katika mizunguko ya mjini. Ukitumia dawa ya chupa kwa sasa, chagua aina moja, fuata kipimo chake, na usiichanganye na nyingine.

Injini ikigonga unapopanda mlima, hilo ni tatizo jingine. Hakikisha kwanza petroli haikutiwa mafuta ya taa, ndipo urudishe taimingi (wakati wa cheche kuwaka) nyuma kwa digrii 2.

Na gari likiwa limelala tangu zama za risasi, masizi ya ndani ya hedi yaloweshe kabla ya kuyakwangua, usiyapulize kwa upepo, na watoto wakae mbali mpaka uoshe sakafu.